Korona: sokoni au maabara, na nani awajibike?

Mwaka jana niliitwa kuwa jaji kwenye mdahalo wa kidato cha tano. Hoja ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa chaki: "Janga la UVIKO-19 lilitokana na uzembe wa binadamu." Upande wa kuunga mkono ukaanza na maabara ya Wuhan, wa kupinga ukajibu kwa popo na soko la wanyama. Wakachuana hivyo robo saa nzima, vizuri tu, mpaka binti mmoja wa upande wa kuunga mkono aliposimama: "Mheshimiwa mwenyekiti, tuseme ni popo. Na zile takwimu zilizoacha kutangazwa hapa kwetu, nazo zilifichwa na popo?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi na miluzi. Mtunza muda aligonga meza kwa rula mpaka rula ikakatika.

Nilishindwa kutoa alama. Vijana wale walikuwa wanabishania mambo mawili kana kwamba ni moja: kirusi kilitoka wapi, na watu walifanya nini kilipokwisha kutoka. Hizo ni kesi mbili, kila moja na faili lake. Nimezitenganisha hapa kwa yeyote anayevutwa huku na huku, awe mwalimu wa midahalo, mtangazaji wa redio, au mtu aliyechoshwa na mabishano ya kundi la WhatsApp la ukoo.

## Vigezo

Kwenye faili la chanzo nimeuliza mambo manne: kuna ushahidi gani wa kushika mkononi, historia inasemaje, pengo liko wapi, na kama maelezo haya ni ya kweli, tubadilishe nini. Kwenye faili la uwajibikaji mizani ni nyingine: mhusika alijua nini na lini, alikuwa na uwezo gani, na kuna mahali pa kumhoji?

Tahadhari kabla ya kuanza. Neno "maabara" linabeba mizigo mitatu. Mmoja akilitamka anamaanisha kirusi cha popo kilichookotwa pangoni kikamwambukiza mtafiti. Mwingine anamaanisha kirusi kilichofanyiwa marekebisho kwa ajili ya utafiti. Wa tatu anamaanisha silaha. Hilo la silaha nimeliacha nje, kwa sababu hata mashirika ya ujasusi ya Marekani, ambayo yamegawanyika kuhusu mengine yote, yalikubaliana mwaka 2021 kwamba kirusi hiki hakikutengenezwa kama silaha ya kibiolojia. Nimeacha pia habari ya vyakula vya barafu vilivyoingizwa China kutoka nje. Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na China ya Machi 2021 ilisema inawezekana, ila ushahidi uliofuata haukuipa nguvu.

## Maelezo ya kwanza: sokoni

Ushahidi. Soko la Huanan mjini Wuhan lilijulikana kwa samaki na viumbe wa baharini, lakini kwenye kona yake moja waliuzwa wanyama pori wakiwa hai. Edward Holmes, mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Sydney, alipita hapo mwaka 2014 akapiga picha mbwa-rakuni wakiwa vizimbani. Huyu ni mnyama wa Asia wa jamii ya mbwa, mwenye weusi kuzunguka macho kama aliyevaa miwani, na virusi vya korona humwingia kirahisi.

Soko lilifungwa tarehe 1 Januari 2020. Wapimaji wakaingia, wakapangusa sakafu, vizimba, mikokoteni na mifereji kwa vijiti vya pamba. Sampuli zilipochambuliwa, vinasaba vya kirusi vilikutwa mahali palepale penye vinasaba vya mbwa-rakuni, kwenye vibanda vya wauza wanyama. Uchambuzi wa kina wa jambo hilo ulitoka katika jarida la Cell, Septemba 2024. Kabla ya hapo, mwaka 2022, mtaalamu wa mageuzi ya virusi Michael Worobey na wenzake walichora ramani ya makazi ya wagonjwa wa Desemba 2019. Wagonjwa walilizunguka soko. Kinachoshangaza zaidi, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga sokoni walikuwa wanaishi jirani nalo.

Historia. Hapa maelezo haya yana mtaji mkubwa. SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na korona nyingine, ilizuka Guangdong mwishoni mwa 2002, ikaambukiza watu zaidi ya 8,000 na kuua 774. Mwaka uliofuata kirusi kinachokaribiana nacho sana kilikutwa kwa wanyama wa jamii ya fungo waliokuwa wakiuzwa masokoni. MERS, korona nyingine tena, iliyogunduliwa 2012, ilifuatiliwa hadi kwa ngamia, na ngamia wa Kenya na Somalia nao wamekutwa na kingamwili zake. Majirani zetu wa Rwanda walipopata homa kali ya Marburg Septemba 2024, wagonjwa 66 na vifo 15, ufuatiliaji uliishia kwenye pango la machimbo lenye popo wala matunda.

Pengo. Hakuna mnyama hata mmoja aliyekamatwa na kirusi chenyewe. Wauzaji walikuwa wamekwisha ondolewa na wanyama wao kabla wapimaji hawajafika. Vinasaba vya mnyama na vya kirusi kukaa kibanda kimoja hakuthibitishi kwamba mnyama aliugua, kwani muuzaji mwenye kikohozi anatosha kuacha alama ileile. Tena siku za mwanzo madaktari waliwatafuta wagonjwa kwa kuwauliza kama wana uhusiano na soko, kwa hiyo ramani huenda iliegemea upande. George Gao, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha China, alisema Mei 2020 kwamba soko linaonekana kuwa mhanga zaidi kuliko chanzo.

Kama ni kweli. Kazi iko kwenye biashara ya wanyama: mashamba ya wanyama wa manyoya, usafirishaji, machinjio, vizimba vilivyopandana ghorofa kwa ghorofa. China ilipiga marufuku ulaji wa wanyama pori tarehe 24 Februari 2020. Kwetu, anayehusika ni bwana afya wa soko, mkaguzi wa nyama na mwenye bucha ya nyamapori.

Yanamfaa nani. Mtu ambaye kazi yake inagusa mifugo, mapori, masoko au migodi. Kwake maelezo haya yana matumizi hata kama siku moja itathibitika kwamba Wuhan ilikuwa vingine, maana Marburg na homa ya Bonde la Ufa haziisubiri Wuhan.

## Maelezo ya pili: maabara

Ushahidi. Wuhan ndiko iliko Taasisi ya Virolojia, moja ya vituo vikubwa duniani vya kuchunguza korona za popo, ilhali mapango ya Yunnan yaliyotoa sampuli nyingi yako zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapo. Mwaka 2012, kwenye mgodi wa Mojiang huko Yunnan, wafanyakazi sita waliokuwa wakisafisha kinyesi cha popo waliugua mapafu na watatu wakafa. Watafiti wa Wuhan walirudi mgodini humo mara kadhaa. Kati ya sampuli walizochukua, ile ya 2013 iliyoitwa RaTG13 ilikuja kufanana na kirusi cha UVIKO kwa takriban 96%.

Halafu kuna andiko la mwaka 2018. Shirika la EcoHealth Alliance, likishirikiana na Taasisi ya Wuhan na wengine, liliomba fedha kwa DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, na ndani yake palitajwa kupachika kwenye korona za popo kile kiitwacho mkato wa furini, kipande kidogo kwenye mwiba wa kirusi kinachorahisisha kuingia kwenye seli za binadamu. Ombi lilikataliwa. Lakini kirusi cha UVIKO kinacho kipande hicho, na ndugu zake wa karibu wanaojulikana hawana. Ongeza kwamba hifadhidata ya virusi ya taasisi hiyo iliondolewa mtandaoni Septemba 2019. Unaelewa kwa nini watu wenye akili timamu wanaguna.

Historia. Ajali za maabara zipo, tena nyingi. SARS ilitoroka maabara Singapore na Taipei mwaka 2003, kisha Beijing 2004. Ndui ilimuua mtu wake wa mwisho mwaka 1978 mjini Birmingham, kwenye jengo la chuo lenye maabara ya ndui. Mwaka 1979 kimeta kilivuja kutoka kituo cha kijeshi cha Sverdlovsk kikaua watu wasiopungua 66. Serikali ya Kisovieti ikasema walikula nyama mbovu, ikashikilia hivyo mpaka Boris Yeltsin alipokiri mwaka 1992.

Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu unavunja ukuta kati ya maelezo haya mawili, ni Marburg yenyewe. Mwaka 1967 watu 31 waliugua huko Marburg, Frankfurt na Belgrade, saba wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa maabara walioshika tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya kazi za chanjo. Kirusi kilikuwa cha asili kabisa. Mlango kilioingilia ulikuwa wa maabara. Ukimwuliza mtu "asili au maabara?", pale angejibu nini?

Pengo. Hakuna kumbukumbu iliyowahi kuonekana kwamba taasisi ya Wuhan ilikuwa na kirusi hiki, au mzazi wake wa karibu, kabla ya mlipuko. Ile 96% inasikika kama mtu na nduguye, lakini kwa virusi hivi 4% iliyobaki ni miongo kadhaa ya mabadiliko, na huko Laos popo walikutwa na kirusi kinachofanana zaidi kidogo. Shi Zhengli, aliyeongoza utafiti huo, amesema alilinganisha sampuli zake zote na hakukuta kilichofanana. Unaweza kumwamini au la, ila hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kukagua makabati yake kikamilifu. Ushahidi wa upande huu, kwa lugha ya mahakamani, ni wa mazingira.

Wengi hunitajia CIA kama kifunga mjadala. Januari 2025 CIA ilisema inaegemea maabara kwa kiwango cha chini cha uhakika. FBI iliegemea hukohuko kwa kiwango cha kati, na mashirika mengine ya nchi hiyohiyo yaliegemea asili, nayo kwa kiwango cha chini. "Kiwango cha chini" kwa lugha ya mtaani ni "nahisi hivyo, usininukuu".

Kama ni kweli. Kazi iko kwenye usalama wa maabara: nani anaruhusu majaribio hatari, nani anakagua, na ajali inaripotiwa kwa nani. Hilo si la Wachina peke yao, maana Entebbe na Nairobi nako kuna maabara zinazoshika vimelea hatari, na jirani wa maabara ana haki ya kujua.

Yanamfaa nani. Mwanasheria, mbunge wa kamati, mwandishi anayefuatilia fedha za utafiti, mwanafunzi wa sayansi anayetarajia kushika pipeti siku moja. Hayamfai anayetafuta Mchina wa kumtukana. Maelezo yote mawili yanaanzia Wuhan, lakini hakuna hata moja linalomhukumu mfanyabiashara wa Kariakoo.

Kamati ya wataalamu ya WHO kuhusu chanzo cha vimelea, SAGO, ilitoa ripoti Juni 2025. Ilisema uzito wa ushahidi uliopo unaelekea kwenye kuambukizwa kutoka kwa wanyama, na kwamba maabara haiwezi kuthibitishwa wala kuondolewa, kwa sababu China haikutoa vilivyoombwa: mamia ya mipangilio ya vinasaba ya wagonjwa wa mwanzo, taarifa za wanyama wa sokoni, na kumbukumbu za usalama wa maabara. Kwa hiyo mizani ina uzito pande zote mbili, lakini si sawasawa, na haijasimama.

## Faili la pili: nani awajibike

Faili hili halilingoji lile. WHO ilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa mwaka 2020 na 2021, na sehemu kubwa ya hivyo ilitokea wakati chanzo hakikuwa tena na uwezo wa kubadilisha lolote.

China. Ilijua mapema. Tarehe 30 Desemba 2019 Dkt. Li Wenliang, daktari wa macho, aliwaonya wenzake mtandaoni. Tarehe 3 Januari polisi wakamsainisha karatasi ya onyo kwamba anaeneza uongo. Alifariki kwa ugonjwa huohuo tarehe 7 Februari, na Machi onyo likafutwa. Timu ya Zhang Yongzhen wa Shanghai ilikuwa na mpangilio wa vinasaba tarehe 5 Januari. Ikautoa hadharani tarehe 11, na kesho yake maabara yake ikaamriwa kufungwa kwa "marekebisho". Kwamba ugonjwa unapita kutoka mtu hadi mtu, umma uliambiwa tarehe 20. Uwezo wa kuzuia, hakuna aliyekuwa nao zaidi yao. Haki yao nayo itajwe: mpangilio ule ndio ulioipa dunia vipimo na chanjo upesi. Pa kuwahoji? Mahakama moja ya Missouri iliihukumu China mwezi Machi 2025 ilipe dola bilioni 24. China haikufika mahakamani wala haiitambui hukumu. Mdai wa namna hiyo anaweza kungoja hadi wajukuu wazeeke.

WHO. Ilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020. Jopo huru lililoongozwa na Helen Clark na Ellen Johnson Sirleaf lilisema Mei 2021 kwamba tangazo hilo lingeweza kutolewa tarehe 22. Siku nane, basi. Lakini jopo hilohilo liliongeza kwamba Februari 2020 ulikuwa mwezi uliopotezwa na serikali zilizokaa kungoja. WHO haina askari wala funguo. Haiingii nchi ya mtu bila kukaribishwa. Pa kuihoji papo: Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, Geneva, kila mwaka, ambako Mkataba wa Majanga ulipitishwa tarehe 20 Mei 2025, huku suala gumu la kugawana sampuli na faida zake likiachwa kwa majadiliano ya baadaye.

Serikali zetu. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo nilipokuwapo.

Mei 2020 shemeji yangu alitupigisha nyungu sebuleni. Sufuria ya majani ya mwarobaini, mchaichai, malimau yaliyokatwa na tangawizi iliyopondwa, sisi watatu chini ya blanketi moja zito la bweni, pua zikitiririka, mtoto akilia kwamba macho yanawaka. Nilipotoka, jasho likinidondoka kidevuni, nilishika simu kutafuta idadi ya wagonjwa ya siku hiyo. Hapakuwa na idadi. Tanzania ilikuwa imeishia wagonjwa 509 na vifo 21, na Rais Magufuli alikuwa amesema papai na mbuzi wamepimwa wakakutwa na korona. Mlangoni kwa kila duka palikuwa na ndoo ya koki na sabuni, watu tunanawa kwa bidii, bila kujua tunanawa dhidi ya wangapi. Hali ilibadilika mwaka uliofuata. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani.

Wengine walikosea kwa upande wa pili. Kenya ilianza kafyu tarehe 27 Machi 2020, na kabla wiki haijaisha mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Nairobi. Uganda ilifunga shule, kwa vipindi, mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote. Burundi ilimfukuza mwakilishi wa WHO siku chache kabla ya uchaguzi. Na nchi tajiri zilijaza maghala ya chanjo wakati ombi la India na Afrika Kusini la kulegeza hataza, la Oktoba 2020, likijibiwa nusunusu Juni 2022.

Serikali zilijua vya kutosha kufikia katikati ya Machi 2020. Uwezo ulitofautiana sana. Ila tofauti na Beijing, hizi tunaweza kuzihoji: bungeni, kwenye ripoti za wakaguzi, kwenye sanduku la kura. Na mtihani haukuisha na korona. Januari 2025 WHO ilitangaza kwamba inashuku Marburg mkoani Kagera. Wizara ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20, Rais Samia, akiwa na mkuu wa WHO, akathibitisha kwamba upo. Siku sita. Mwaka 2020 pengo kama hilo lilidumu miezi.

## Kulingana na ulipo

Kama unafundisha sayansi, shika mjadala wa chanzo peke yake, waonyeshe wanafunzi ramani ya Worobey pamoja na kasoro yake, na andiko la 2018 pamoja na kukataliwa kwake. Mwenye bucha, mfugaji na bwana afya waanzie sokoni, bila kungoja mshindi. Aliye kwenye maabara au anayetunga sheria zake aanzie Sverdlovsk na Beijing 2004.

Kama uliondokewa na mtu na unataka jibu, faili la pili ndilo lenye mlango ulio karibu. Uliza hospitali ilikuwa na oksijeni kiasi gani, fedha za dharura zilienda wapi, nani aliamua takwimu zisitangazwe. Maswali hayo hayahitaji kumjua popo yeyote.

Kwenye kundi la ukoo, mtu akileta video ya "ukweli uliofichwa", muulize kwanza anazungumzia faili lipi. Mara nyingi hilo tu linatosha kuwanyamazisha watu kwa dakika tano.

Na kwa walimu wa midahalo: andikeni hoja mbili, zijadiliwe Ijumaa mbili tofauti. Mtunza muda apewe rula ya chuma.